Barua kwa mwanangu: mbona vitabu vitatu kwa mpigo?

Mwanangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako, na nimefurahi kusikia kazi yako imekwisha salama na sasa unapumua. Mimi mzima. Macho tu ndiyo yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika kabla hujazaliwa.

Uliniuliza hivi: "Mama, kila nikikuuliza unaandika nini unanitajia kitabu tofauti. Mbona usimalize kimoja ndipo ushike kingine? Na kwa nini usirudi kwa wachapishaji wakuhangaikie hayo mengine, wewe uandike tu?" Nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Vilivyo mezani kwangu ni hivi. Kuna kitabu cha tatu cha yule mkaguzi wa hesabu, ambacho ndicho kitakachofunga mfululizo ule. Hicho kiko kwa mhariri. Kuna kile cha meli, riwaya inayojitegemea, rasimu ya kwanza, imevuka nusu. Na kuna kitabu changu cha kwanza kabisa, ambacho nakitoa upya, safari hii pamoja na toleo la sauti. Cha nne kipo, ila hicho sikisemi, na usinichokonoe.

Sasa tazama mahali kila kimoja kilipo, baba. Mswada ukienda kwa mhariri umenitoka mkononi. Atakaa nao wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwezi, na muda wote huo sina ruhusa ya kuugusa. Nikiurekebisha huku na yeye anaurekebisha kule, tutaishia na miswada miwili ya kitabu kimoja, na kuioanisha ni adhabu. Basi ukisema nimalize kimoja kwanza, kwa kweli unanishauri nikae nikitazama dari. Muda wa kungoja mkaguzi ndio muda wa kuandika meli. Mkaguzi akirudi, meli inawekwa kando, nayo inafaidika, kwa sababu nikiirudia baada ya wiki tatu naisoma kama mtu baki. Kurasa nilizozipenda sana siku nilipoziandika ndizo huwa za kwanza kufutwa.

Hili halikuanza na mimi. Kuna Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Anthony Trollope, aliyefanya kazi posta tangu 1834 hadi 1867. Riwaya zake aliziandika alfajiri kabla ya kwenda ofisini, saa iko mbele yake mezani, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Aliwahi kumaliza riwaya leo, kesho yake akaanza nyingine. Mambo haya aliyaeleza mwenyewe katika tawasifu yake iliyotoka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa, na kuna waliomdharau kwa hilo, eti msanii gani anaandika kwa saa kama kibarua. Mimi kasi yake sina wala siitamani. Maneno 250 kwa robo saa, kwangu 200 yangekuwa ya kufuta. Ila namwelewa kabisa. Hakuwa na muda wa kungoja ajisikie.

Hebu nikuoneshe mhariri anafanya nini, maana najua unadhani anasahihisha herufi. Katika sura ya kumi na moja, mkaguzi wangu anapanda ngazi gizani, anaokota risiti, anaisoma, anagundua nani amekuwa akichota fedha. Mhariri ameandika pembeni maneno matatu: "Miwani iko wapi?" Basi. Kwenye kitabu cha kwanza cha mfululizo nilisema mtu huyu hasomi chochote bila miwani. Ninalo daftari la mfululizo ambamo kila mhusika ana ukurasa wake: urefu, mkono anaoutumia, aliyekufa kwao na lini, anaogopa nini. Nikafungua, miwani imo. Utasema ampe tu miwani mfukoni, yaishe. Haiishi. Akiitoa, lazima asimame. Akisimama, ubao wa ngazi unalia. Ukilia, yule aliye ghorofani anasikia, na mimi nilitaka asisikie mpaka sura inayofuata. Kwa maneno matatu ya pembeni, sura mbili zimepanguliwa na kupangwa upya, na sasa ni mkaguzi anayejua kwamba amesikiwa. Ni bora zaidi, nakiri, na mhariri nimemwambia hivyo.

Mhariri huyo namlipa mimi, maana sasa vitabu vyangu navitoa mwenyewe. Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la pili.

Kitabu changu cha kwanza kabisa kilitoka kwa mchapishaji, unakumbuka. Hakunidhulumu kwa maana ya kuiba. Alikichapa, nakala zikaisha, hakurudia kuchapa, na kitabu kikakaa miaka hakipatikani popote huku mkataba bado unasema ni chake. Bahati yangu mkataba huo ulikuwa na kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni, na mwandishi akaandika barua ya kudai, na muda uliowekwa ukapita bila kuchapwa tena, haki zinamrudia mwandishi. Nikaandika. Walichelewa kujibu, wakajibu, haki zikarudi. Wewe usiwahi kusaini mkataba wa aina yoyote kabla hujasoma mwisho wake unasemaje.

Kilichorudi, lakini, ni maneno yangu tu. Jalada lilikuwa lao, na mpangilio wa kurasa ulikuwa wao. Kwa hiyo toleo jipya ni kazi ya kuanzia chini: kupanga kurasa upya, jalada jipya, na namba mpya za ISBN, zile tarakimu 13 za nyuma ya kitabu za kukitambulisha. Kila umbo la kitabu lina namba yake. Cha karatasi mbali, cha kielektroniki mbali. Jalada nalo lina mambo yake. Unene wa mgongo wa kitabu unategemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi, kwa hiyo kurasa zikiongezeka, mgongo unanenepa, na jina langu lililokuwa katikati linasogea pembeni kama limelewa. Ndiyo maana msanifu hanimalizii jalada mpaka maandishi ya ndani yafungwe kabisa. Na wakati yeye ananingoja, au mimi namngoja, narudi kwenye meli.

Kuhusu fedha sitakudanganya. Kwa mikataba ya kawaida ya wachapishaji, mwandishi hupata kiasi kama sehemu moja ya kumi ya bei ya kitabu cha karatasi, mara nyingi chini ya hapo. Nikiuza mwenyewe kitabu cha kielektroniki kupitia Amazon, lile duka la mtandaoni, mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayopata mwandishi, ni asilimia 70 kama bei iko kati ya dola 2.99 na 9.99, kwa mauzo ya nchi walizozitaja. Kwingineko, au nje ya bei hizo, ni asilimia 35. Watu husikia hiyo 70 wakadhani nimepata mgodi. Hiyo ni 70 ya mtu aliyekwisha kumlipa mhariri, msahihishaji, msanifu wa jalada na msomaji wa sauti kabla nakala moja haijauzwa. Kitabu kisipouzwa, hakuna kampuni itakayosema imepata hasara. Ni mimi.

Kinachonifanya nisirudi kwa wachapishaji ni umiliki. Jane Austen, mwandishi mwingine Mwingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1811 kwa gharama zake: mchapishaji alisimamia uchapaji na uuzaji, ila hasara ingetokea ingekuwa ya mwandishi. Ikampatia faida ya pauni 140, na hakimiliki ikabaki yake. Riwaya ya pili akaamua kuepuka hatari, akamuuzia mchapishaji yule yule hakimiliki yote. Aliomba pauni 150, akapewa 110. Hiyo ya pili ndiyo iliyopendwa zaidi, ikachapwa tena na tena, na yeye hakupata hata senti nyingine. Simlaumu, alihitaji fedha mkononi. Lakini kila ninaposhauriwa niwape wengine mzigo, huwa najiuliza wanauchukua mzigo peke yake au na mwenye mzigo.

Meli sasa, maana hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kwa raha. Ni habari ya mpishi wa meli ya mizigo ambayo mwenye nayo ameitelekeza ikiwa imetia nanga. Mishahara haiji, mafuta yanaisha, na mabaharia hawawezi kushuka tu wakaenda zao, kwa sababu mamlaka za bandari hazikubali meli ibaki bila watu wa kuiangalia. Mambo haya yapo kweli duniani, sikuyatunga. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika Januari 2017 yanasema kwamba baharia asipolipwa mshahara wake kwa angalau miezi miwili anahesabiwa kuwa ametelekezwa, na hapo bima inapaswa kumlipia malimbikizo ya mshahara, hadi miezi minne, na kumrudisha kwao. Niliposoma kifungu hicho nikaona riwaya nzima imekaa mle ndani. Mwenye meli wangu anakijua vizuri. Kila miezi miwili ikikaribia kutimia, anatuma vijisenti, ili baadaye aje abishane kwamba hajawatupa. Mpishi ndiye wa kwanza kuona mpangilio huo, kwa sababu ndiye anayehesabu magunia.

Kuhesabu magunia kumenipeleka mbali. Nimesoma mtu mzima anahitaji maji kiasi gani kwa siku, mchele unaharibikaje kwenye unyevu, jenereta ya meli ikizimwa friji inashika baridi kwa muda gani. Kwenye kitabu yatabaki mistari michache. Msomaji hataki kufundishwa, anataka kuogopa pamoja na mpishi. Lakini kama mimi sijui friji ina saa ngapi, hofu yenyewe itakuwa ya uongo, na baharia mmoja akikisoma atanicheka.

Toleo la sauti ni suala fupi. Sisomi mwenyewe, sauti yangu ni ya kuita watoto waje kula, haifai kunong'ona siri. Nimempata msomaji, nimempa sura moja ya majaribio na orodha ya majina na namna ya kuyatamka. Riwaya ya kawaida hutoa saa nane, tisa, hata kumi za sauti safi, na zote lazima nizisikilize nikiwa na kitabu mkononi. Hiyo kazi naifanya jioni, wakati kichwa kimechoka kuandika ila masikio bado yapo.

Najua utauliza vinatoka lini. Tarehe siitoi. Vitabu vya kielektroniki unaweza kuvifungulia oda ya mapema hata mwaka mmoja kabla, na wenzangu wengi hufanya hivyo. Lakini faili la mwisho linatakiwa liwe limefika saa 72 kabla ya siku yenyewe, na ukifuta oda, Amazon inaweza kukunyima nafasi ya kufungua nyingine kwa mwaka mzima. Mbaya zaidi ni yule msomaji aliyeweka oda akangoja. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba oda haifunguliwi mpaka mswada umetoka kwa mhariri na umetulia. Kuna mwandishi Mmarekani, Brandon Sanderson, ambaye Machi 2022 aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana riwaya nne ambazo hawakujua anaziandika, akaomba wazinunue moja kwa moja kwake. Wakachanga zaidi ya dola milioni 41. Yeye ana kampuni na jeshi la watu, mimi nina wewe na mashine ya kuchapa inayogoma. Ila nilichokipenda ni kwamba alitangaza vitu vilivyokwisha kuandikwa. Ndiyo maana cha nne hukisikii.

Jambo la mwisho ni la kiofisi. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya kitabu huendelea angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimeweka 70. Maana yake hivi vitabu utakaa navyo miaka mingi kuliko mimi. Nimeandaa faili lenye mikataba yote, namba za ISBN, akaunti zinapolipwa mirabaha na nani analipwa nini. Ukija, kaa nalo jioni moja uniulize usichokielewa. Usilifungue nikiwa sipo ukaanza kukisia.

Na nina kazi yako. Ijumaa nakutumia sura tano za kwanza za meli. Sitaki uniambie ni nzuri, hilo dada yako atalisema hata bila kusoma. Nataka namba ya ukurasa ulipoanza kutazama simu, na pale ulipodhani umeshajua mwenye meli anafanya nini. Andika pembeni, maneno matatu yanatosha.

Mama yako