Mchujo wa kikapu: meseji zenu nimezisoma, haya majibu

Wiki hii simu haipumui. Shule zinachagua timu za UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, timu za mtaani nazo zinachuja madogo, na kila mtu kuanzia Tukuyu mpaka Makambako anataka kujua kocha anaangalia nini. Meseji zinazofanana nimeziunganisha, na waliotaka niwaombee nafasi kwa makocha wenzangu wanisamehe, hiyo siwezi.

Shikamoo kocha. Niko kidato cha pili Mafinga, nacheza kikapu ila ni mfupi, mita 1.60. Mchujo wiki mbili zijazo. Niende au nijitoe mapema nisiaibike?

Marahaba. Nenda bwana. Muggsy Bogues alikuwa na hiyohiyo 1.60 yako na kacheza NBA, ile ligi kubwa ya kikapu Marekani, misimu 14, katikati ya watu ambao wakitaka kumsalimia lazima wainame. Ila nisikudanganye, ringi iko mita 3.05 kwa wote haimshukii mtu kwa huruma, na kocha akiwa na msururu wa watoto 50 mbele yake jicho linaanza na warefu, hata mimi niko hivyo. Sasa we mfanye akuone kwa njia nyingine. Wiki mbili hazikuongezei urefu ila zinatosha kuuamsha mkono wa kushoto, kila ukitumwa dukani nenda unadribo, yaani unadundisha mpira, na kushoto na macho yako mbele, usiangalie mpira. Na siku yenyewe mkabe mwenye mpira kuanzia kulekule golini kwake, mana ana sekunde 8 tu za kuvuka nusu ya uwanja, ukimsumbua hapo akapoteza mpira umeshafanya kazi ambayo lile refu la timu haliwezi. Mfupi anayekaba kama nyuki mi simuachi.

Kocha, mwanangu ana miaka 14 kaachwa timu ya mtaa, halafu mtoto wa dada yake kocha kachukuliwa na hata kudaka mpira ndo anajifunza. Nataka niende nikamwambie ukweli wake. (Mama, Uyole)

Pole mama. Upendeleo upo, nikisema haupo ntakuwa muongo, kuna mwaka niliuona kwa macho nikakaa kimya na mpaka leo unaniuma. Lakini leo usiende. Ukienda na hasira utaanza kumuongelea mtoto wa mwenzio, na kocha ukishagusa tu jina la mtoto mwingine masikio yanafunga. Kaa siku mbili, nenda bila kijana, uliza kitu kimoja tu: kocha, huyu wangu afanyie kazi nini? Mwenye sababu zake atakwambia hapohapo, anachelewa kurudi kukaba, hatoi pasi, mazoezini anakuja anapojisikia. Akianza kuzungukazunguka, aah mama unajua timu ina mambo mengi, basi jibu umeshalipata, tafuta timu nyingine na wala usigombane.

Na tafadhali nyumbani msimpe ile hadithi ya Michael Jordan alitimuliwa timu ya shule, mana watu wanaisimulia vibaya. Ilikuwa 1978, Laney High School kule Wilmington, North Carolina, dogo ana miaka 15. Hakutimuliwa, alipangwa timu ya wadogo, na timu kubwa wakamchukua mwenzie Leroy Smith kwa sababu walihitaji mtu mrefu. Yaani alipewa mahali pa kucheza na akacheza kwelikweli. Wako nae anahitaji hicho, mechi, hata kama ni zile za jioni za tatu kwa tatu kwenye sementi yenye nyufa, kuliko kukaa benchi na jezi nzuri isiyotoka jasho.

Mi ni mwalimu Makambako, kikapu sijakisomea nimekabidhiwa tu. Wamejitokeza watoto 54, nataka 12, nina mipira mitatu. Nawachuja vipi kwa siku moja?

Mwalimu, siku moja kataa, omba mbili. Siku ya kwanza mtoto ana woga, anashika mpira kama kashika sufuria ya moto, unaweza kumuacha mtu wa maana kabisa. Mipira mitatu inatosha mana nusu saa ya mwanzo huihitaji. Wabandike namba kifuani kwa selotepu ya karatasi na makapeni, kisha wakimbie kiubavu magoti yamekunjwa, ukipuliza filimbi wasimame, ukipuliza tena wageuke. Miguu haidanganyi. Kupiga kapu utamfundisha mtoto baadae, ila mtoto asiyetaka kukunja magoti utahangaika nae msimu mzima.

Baada ya hapo wacheze tatu kwa tatu goli moja, dakika nne nne. Ukiwaweka tano kwa tano kuna anayejificha, mechi inaisha hajagusa mpira na we hujui kama ni mbovu au wenzie wanamnyima.

Na usikae peke yako. Kuna mchujo nilifanya zamani, enzi hizo natumia tano kwa tano, kuna kijana namba 17 anatupia tu nje ya mstari wa pointi tatu, zimeingia nne, na kila ikiingia ananigeukia mimi. Nikampa nyota kwenye daftari. Mwenzangu akanipiga kiwiko, akasema acha kuangalia mpira, muangalie huyo jamaa akishafunga. Nikamuangalia. Anatembea! Wenzie wanakimbia kurudi yeye anatembea anajisikilizia, mtu wake, yule aliyetakiwa kumkaba, anapita anaweka lei-apu, ile ya kuruka na kuuweka mpira karibu na ringi, kiulaini. Tukapiga hesabu, kafunga 12, mtu wake kafunga 14. Toka siku hiyo daftari langu lina safu mbili, alichoingiza na alichoruhusu.

Majina sasa. Kwenye mechi unaandikisha 12 lakini mazoezini baki hata na 15, kuna wataoumia na kuna wataohama shule. Na orodha usibandike ukutani. Mi nilishabandika, nikamuona mtoto anashuka na kidole toka jina la kwanza mpaka la mwisho, akarudia toka chini kupanda juu, akachukua begi lake akaondoka bila kuaga mtu. Waite mmoja mmoja, dakika mbili kila mtu, inachosha kweli ila ndo kazi uliyokabidhiwa.

Nina miaka 16, sijawahi kucheza timu yoyote. Nimechelewa?

Hasheem Thabeet alianza kikapu Dar akiwa na miaka kama 15, na 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Sasa yeye ana mita 2.21, kama na we unazo nipigie leo hii hata usiku wa manane. Kama huna, anza tu, timu ya shule hujachelewa.

Nimetoka Kyela kuja mchujo Mbeya, dakika ya tano pumzi ikakata nikaonekana mzembe. Kwetu namaliza mechi nzima!

Sio uzembe mdogo wangu. Kyela kule ziwani ni kama mita 500 tu toka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, hewa nyepesi, mwili unashtuka. Ukiwa na ndugu huku tangulia siku kadhaa, na mwambie kocha kabla hamjaanza, ukimwambia baadae anaona visingizio. Halafu asubuhi za Juni na Julai mpira wenyewe unapoa, unadunda chini tofauti na ulivyozoea, fika mapema uuzoee.

Sina raba za kikapu, dada yangu ana za kwake ila zinanizidi namba mbili. Nivae hizohizo? (Binti, Njombe)

Hapana, zitakutoa malengelenge na enka unaweza ukaivunja. Bora raba ya kawaida inayokukaa, kocha mwenye akili haangalii jina la kiatu. Ukipata mtu anayekuja Mbeya muagize mtumba Mwanjelwa, aende asubuhi robota likifunguliwa, kabla waliozoea hawajachambua. Aikunje soli, ikiwa ngumu kama ubao aiache, na avute ncha ya mbele aone kama gundi imeachia. Na soksi vaa pea mbili.