Jibu: Draiva yangu inakata kulia kila mara

Ndugu yangu, umesema ukipiga gofu kwa draiva, ile fimbo ndefu, mpira unaanza kushoto kidogo kisha unapinda kulia hadi baharini, na wenzako wanakwambia eti unainua kichwa. Kichwa kiache. Hiyo ni dawa ya kila asiyejua ugonjwa.

Mpira wenyewe umeshakujibu. Huanza karibu na pale uso wa fimbo unapotazama. Hupinda kwa sababu fimbo inapita njia nyingine. Kwa mtu wa mkono wa kulia kama wewe, fimbo inatoka nje, upande wa mbali na mwili, kuingia ndani, kama unafyeka nyasi, na uso umebaki wazi, yaani unatazama kulia, ukilinganisha na njia hiyo.

Ile video uliyopigwa kwa mbele haionyeshi njia. Simu iwekwe nyuma ya mpira, usawa wa mikono yako, itazame shabaha. Angalia mwanzo wa kushuka: bega la kulia likitangulia kabla kiuno hakijageuka, mwizi umemshika.

Anza na mshiko. Ukitazama chini uone vifundo viwili, hata vitatu, vya mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa naona kimoja, miaka miwili nzima! Kisha vua ndara, iweke upande wa nje wa mpira, shubiri moja hivi, nyuma kidogo. Piga nusu swingi, yaani zungusha fimbo nusu tu, kwa fimbo ya chuma namba 7 bila kuigusa ndara. Ikiruka, umerudia yaleyale.

Na kusi likivuma pale Mombasa Golf Club usijihukumu sana. Upepo wa usoni huzidisha kupinda. Jirekodi asubuhi, kumetulia.