Jibu: Gereza la Kilwa Kisiwani, siku moja inatosha?

Inatosha, ndugu, kuiona ngome hiyo ya kale iitwayo Gereza na magofu mengine ya kisiwa, ukilala Kilwa Masoko, mji wa bara ulio ng'ambo ya kisiwa, na kuvuka mapema. Kibali cha kutembelea magofu kinaanzia Masoko, kwa hiyo kishughulikie siku moja kabla. Chukua na mwongozo hapo hapo, maana magofu yametawanyika.

Kinachoharibu safari za wengi ni maji. Siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mchanga au mpevu, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Chombo hakifiki ufukweni, na mtashuka kutembea kwenye tope na mawe yenye chaza wakali. Vaa viatu vya kulowana, si kandambili. Ukiondoka saa moja asubuhi, bado kuna maji ya kutosha.

Gereza ndilo la kwanza kuonekana. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 wakaondoka 1512. Jengo unaloliona ni la Waomani, karibu 1800, juu ya mabaki hayo. Bahari ilikula upande wake wa kaskazini, ndiyo maana ukarabati ulikwenda pamoja na kuzuia mmomonyoko. Tazama kuta kwa karibu: mawe ya matumbawe na chokaa. Saruji haifai hapa, kwani ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu wa chumvi ndani hadi jiwe linamomonyoka. Tafadhali usipande kutani.

Msikiti Mkuu uko karibu. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, iko mbali kidogo upande wa mashariki. Beba maji ya kunywa, angalau lita mbili kila mtu.