Figo zilizoungana na jiwe la milimita 17

SWALI: Bwana Daktari, pokea salamu zangu kutoka Ndosho, hapa Goma. Nina umri wa miaka 34 na ni mwendesha pikipiki ya abiria, motari kama tunavyosema. Tangu mwaka jana ninasumbuliwa na maumivu ya ubavu wa kushoto yanayokuja na kuondoka. Ekografi ilionyesha jiwe, kisha skana ikaonyesha kwamba figo zangu mbili zimeungana kwa chini na kwamba jiwe lina milimita 17. Daktari wa kwanza alisema livunjwe kwa mawimbi bila kupasuliwa. Wa pili anataka nitobolewe mgongoni. Shangazi yangu naye ananichemshia majani. Nimsikilize nani? Na je, figo hizi haziwezi kutenganishwa?

JIBU: Ndugu yetu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokutia hofu zaidi. Figo zako hazihitaji kutenganishwa. Umbo hilo huitwa figo za kiatu cha farasi, na hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya 400 hadi 500, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, figo huanzia chini kwenye nyonga na kupanda polepole hadi chini ya mbavu. Zako ziligusana na kushikana kabla ya kupanda, na daraja lililoziunganisha likazuiwa njiani na mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye utumbo mpana. Zamani wapasuaji walilikata daraja hilo, lakini desturi hiyo imeachwa, kwa sababu mara nyingi lina nyama hai ya figo na mishipa yake ya damu, na kulikata hakuondoi tatizo. Wengi wenye umbo hili huzeeka bila hata kujua kwamba wanalo.

Shida yako ni njia ya mkojo. Katika figo ya kawaida mrija wa mkojo huanzia mahali pa chini, na mkojo humiminika wenyewe. Kwako mrija unaanzia juu zaidi, kisha unalazimika kupita mbele ya daraja kabla ya kushuka kwenye kibofu, mfano wa mfereji uliochimbwa juu kuliko bwawa. Mkojo unatuama, chumvi zinaganda, na kwa sababu hiyo watu wenye figo za namna hii hupata mawe mara nyingi kuliko wengine.

Sasa utaona kwa nini madaktari wako wawili wametofautiana, na kwa nini hakuna aliyekudanganya. Mawimbi ya mshtuko, ambayo yalitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980 huko München, Ujerumani, yanaweza kulivunja jiwe lako. Lakini kuvunja ni nusu ya kazi tu. Vipande vinapaswa kuupanda ule mrija, na mara nyingi vinabaki palepale na kuwa mbegu za mawe mapya. Isitoshe, figo zako zimelala mbele ya uti wa mgongo, nyuma ya utumbo wenye hewa, hivyo si rahisi kuyalenga mawimbi vizuri. Njia hiyo huwafaa zaidi wenye jiwe lisilozidi sentimita moja na nusu hivi, ambao mkojo wao unapita bila kizuizi. Wewe umeshavuka kidogo mpaka huo.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kamera nyembamba inayopinda, inayoingizwa kupitia njia ya mkojo na kulisaga jiwe kwa leza; haina kidonda, ila kwa jiwe la ukubwa huo unaweza kuhitaji kurudi mara ya pili. Nyingine ni kutobolewa mgongoni, ambako jiwe hutolewa moja kwa moja, mara nyingi kwa siku moja, ingawa hatari ya kutokwa na damu ni kubwa zaidi. Kwa mtu wa umbo lako tundu hupitishwa karibu zaidi na uti wa mgongo na kuingia sehemu ya juu ya figo, tena kwa vyombo virefu kuliko vya kawaida. Kama jiwe limekaa katika kikombe cha chini, yaani kijitundu cha ndani ya figo kinachokusanya mkojo, upande wa daraja, mimi ningeegemea kwa daktari wa pili, kwa sharti moja: awe ameisoma skana yako mwenyewe, kwani kwa baadhi ya watu kama wewe utumbo mpana hupita nyuma ya figo, mahali hasa sindano inapoingia. Kabla hujalipa hata nauli ya basi, iwe ni kwenda hospitali ya hapa au ng'ambo ya mpaka, piga simu uulize kama wana vyombo hivyo virefu na kama wamewahi kutibu figo zilizoungana. Mkojo wako pia uoteshwe maabara kwanza. Jiwe halivunjwi mkojo ukiwa na vijidudu.

Kuhusu majani ya shangazi, mshukuru lakini usiyanywe. Jiwe la kalsiamu haliyeyuki kwa dawa yoyote ya kunywa, na baadhi ya mimea huumiza figo. Hata zile sindano za diklofenaki mnazochomwa dukani kila maumivu yanaporudi zinaweza kuziharibu.

Ninyi mamotari hamnywi maji kwa kuogopa kukosa choo barabarani, nami nawaelewa. Hata hivyo, kunywa mpaka ukojoe kama lita mbili na nusu kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Punguza chumvi. Lengalenga zina oksalati nyingi, yaani kemikali inayoungana na kalsiamu na kuwa jiwe, basi zichemshe na umwage maji yake. Lakini usiache maziwa, maana kalsiamu ya chakula huikamata oksalati tumboni kabla haijafika kwenye figo. Jibini ya Masisi nayo usiikatae, mradi isiwe ya chumvi nyingi. Ukitoa kipande cha jiwe, kikinge kwa kitambaa safi ukipeleke kipimwe, kwa kuwa aina ya jiwe ndiyo itakayoamua ule nini baadaye.

Ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mkojo uliozibwa ukiwa na vijidudu unaweza kuua, na hapo huwekwa kwanza mrija wa kuutoa, jiwe likasubiri. Tena, kwa kazi yako, andika kwenye karatasi kwamba figo zako zimeungana na uiweke pamoja na leseni: ukianguka na usukani ukakupiga tumboni, lile daraja ndilo litakalobanwa kwenye uti wa mgongo, na daktari wa zamu atahitaji kulijua hilo mapema.