Wasomaji Wanauliza: Mafia Ina Msimu Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumeweka akiba mwaka mzima ili likizo ya shule ya mwezi wa Juni tuwapeleke watoto wetu wawili, pamoja na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, kisiwani Mafia kuwaona papa potwe. Tutakaa siku 3. Je, zinatosha, na mama ataiweza mashua?
Mama wa Wawili, Dodoma

JIBU: Mama wa Wawili, kabla ya kuhesabu siku, tuuangalie mwezi mliouchagua. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakati uduvi na viumbe wengine wadogo wa baharini wanapojaa katika maji ya karibu na pwani. Na samaki huyu, ingawa anaweza kuzidi urefu wa mita 10, huishi kwa kuchuja vitu vidogo vya namna hiyo. Watafiti waliowafunga baadhi yao vifaa vya kutoa sauti waligundua kwamba wengi hawahami Mafia msimu ukiisha, bali husogea kwenye maji ya mbali na yenye kina kirefu zaidi, ambako mtu aliye mashuani hawezi kuwaona. Mwezi wa Juni kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, huwa imeshika na bahari imechafuka, kwa hiyo mwenye mashua akikuahidi papa potwe mwezi huo, mshukuru kwa ukarimu wake na uzishike fedha zako.

Ushauri wangu ni kwamba, kama watoto wameshaahidiwa papa, safari isogezwe hadi likizo ya Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma na asubuhi bahari hutulia. Hata hivyo, kama likizo ya kazini haibadiliki, Juni nayo haikukosa vya kuonyesha. Katika fukwe za mashariki za kisiwa cha Juani, zinazotazama bahari kuu, kasa hutaga mayai, na kuanzia Juni hadi Septemba hivi vifaranga hutoka mchangani na kutambaa kuelekea majini. Walinzi wa viota huweka kumbukumbu ya siku mayai yalipotagwa, na kwa kuwa mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, wanaweza kukadiria siku ya kuanguliwa na kuwaarifu wageni. Watoto wengi niliowahi kuwasikia wakisimulia safari ya Mafia walianza na vifaranga hao, papa akafuata baadaye, pengine kwa sababu kifaranga anatosha kiganjani, ingawa hairuhusiwi kumshika.

Sasa suala la mama, ambalo ndilo lililonifanya niijibu barua yako kwa kirefu. Wageni wa bara huuliza bei ya chumba na bei ya mashua, lakini mara chache huuliza habari za maji, ilhali huko kila safari huamuliwa na kupwa na kujaa. Tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa inaweza kufikia mita 3 na zaidi siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika ghuba ya Chole, inayotazamana na kijiji cha Utende, maji yakipwa huacha eneo refu la mchanga na matope, kiasi kwamba mashua haiwezi kusogea ufukweni na abiria hulazimika kuifuata kwa miguu, viatu mkononi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye mashua iliyokwama kwa zaidi ya saa mbili, jua likiwa utosini, kwa sababu tulichelewa kumaliza chai.

Katika pwani yetu, siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile ambayo familia nyingi hutaka kutoka. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, hali hugeuka: asubuhi hiyo maji huwa yamejaa, na hata yakipwa baadaye hayaendi mbali. Kwa hiyo chukua kalenda ya mwezi wa Kiislamu na upange safari yako kati ya tarehe 7 na 10, au kati ya tarehe 21 na 24, na mama atapanda mashua bila kutembezwa matopeni. Kwa kufika kisiwani pia ningemwepushia boti ya kutoka Nyamisati, huko bara, wakati wa kusi, kwa maana mlango ule wa bahari humtesa hata kijana; ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua nusu saa hivi. Siku 3 zinatosha kwa visiwa vya Chole na Juani, lakini kwa papa potwe ningeongeza siku moja ya akiba, kwani samaki hana miadi na mtu.

SWALI: Nimeshatembelea magofu ya Gede mara nyingi na wanafunzi wangu. Je, yapo ya kunivutia huko Mafia, au ni bahari tu?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, nenda Kua, katika kisiwa cha Juani. Gede, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ni mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, na waliouacha hawakutuachia maelezo. Kua ilikuwa na watu hadi mwanzoni mwa karne ya 19, ilipovamiwa na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakaua na kuteka, na masalia yake, yaani misikiti, makaburi na jumba kubwa, yamezingirwa na miti. Wenyeji husimulia kisasi kati ya Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia: watu wa Kisimani waliwalaza watoto wa Kua chini ya jahazi jipya lililokuwa likishuliwa, na baada ya miaka watu wa Kua wakawaalika harusini, wakawaziba ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Sithubutu kusema ni historia, lakini msimulizi akikuonyesha mahali penyewe utanyamaza. Kisimani yenyewe, upande wa magharibi, sehemu yake kubwa imemezwa na bahari.

Ukitoka Kua pitia Chole, walikokaa watawala wa Kijerumani kabla makao kuhamishiwa Kilindoni. Utaona magofu yaliyobanwa na mizizi, na juu ya miti popo wakubwa wala matunda ambao jamaa zao wako Comoro. Zamani kisiwa kikubwa kiliitwa Chole Shamba na hiki kidogo Chole Mjini, jambo linaloonyesha heshima ilikuwa wapi.

SWALI: Sijui kuogelea. Je, nitaingia hifadhini bila kulipa kiingilio?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822, ina vijiji ndani yake, pamoja na Chole na Juani, hivyo hata asiyelowa huingia hifadhini na hulipa kwa siku. Beba kitambulisho cha taifa, kwani kiwango cha Mtanzania ni cha chini. Papa potwe, kwa upande wake, huonekana zaidi nje ya mipaka hiyo, na kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, utamwona vizuri ukiwa umekaa mashuani. Ukitaka kushuka, vaa jaketi okozi lililofungwa kamba zote, shuka na mwongoza wageni, na usimguse.