Kabla ya Kanuni, Muulize Anatarajia Nini

Mwanangu alikuwa anaikariri kanuni ya momenti, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu, bila kukosea hata neno: kani mara umbali kutoka kwenye egemeo. Jioni moja nikamuuliza kwa nini kitasa huwekwa mbali na bawaba. Akanyamaza. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mlango wa chumba chake na daftari lake la fizikia vinazungumzia jambo lilelile.

Tukaenda mlangoni. Nikamwambia asukume kwa kidole kimoja penye kitasa, kisha akisogeze kidole hadi sentimita 10 tu kutoka kwenye bawaba, asukume tena. Mlango uleule ukawa mzito kana kwamba kuna mtu ameuegemea upande wa pili. Baada ya hapo hesabu ikamwingia yenyewe: mlango unaofunguka kwa nyutoni 5 ukisukumwa sentimita 80 kutoka kwenye bawaba utadai nyutoni 40 ukisukumwa sentimita 10.

Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja, na ndio ninaomshauri mzazi, mwalimu au yeyote anayejisomea. Kabla ya jaribio lolote, mwanafunzi aseme anatarajia nini kitokee, na kwa nini. Aseme kwa sauti au aandike. Ukitanguliza jibu, ataitikia kwa kichwa na kesho amesahau. Aliyetabiri akakosea, swali hilo halimtoki.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la sufuria na ubao. Chukua sufuria ya alumini na ubao mkavu vilivyolala chumba kimoja usiku kucha, uviguse. Sufuria utaisikia baridi zaidi. Ukiuliza kipi kina halijoto ya chini, karibu kila mtu atasema sufuria. Sasa igeuze kifudifudi, weka kipande cha barafu juu ya kitako chake, na kingine cha ukubwa huohuo juu ya ubao. Kipi kitatangulia kuyeyuka?

Mwanangu alisema cha ubaoni, na hoja yake ilikuwa nzuri: sufuria ina ubaridi, kwa hiyo itaitunza barafu. Dakika chache baadaye barafu ya kwenye sufuria ilikuwa imekwisha kuwa maji, ya ubaoni bado ina kingo zake. Akaigusa sufuria tena, akagusa ubao, akarudia.

Hapo usikimbilie kueleza. Mwache ahangaike nalo, hata kwa siku nzima. Maelezo yakija, yawe mafupi: vyote viwili vina halijoto ya chumba, lakini alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao kavu. Ukiigusa, huchukua joto la kiganja chako kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo tunayoiita baridi. Barafu nayo hupokea joto kutoka kwenye sufuria kwa njia hiyohiyo. Kumbe mkono si kipimajoto. Unachohisi ni jinsi joto linavyouhama mwili.

Kwa vitu vinavyoanguka, karatasi na kitabu vinatosha. Viachie kwa pamoja, karatasi itachelewa, na wengi watasema ni kwa sababu ni nyepesi. Kisha ilaze karatasi juu ya kitabu, isizidi ukubwa wake, uachie tena. Vitafika chini pamoja, maana kitabu kimeizuia hewa isiishike karatasi. Baada ya hapo, si kabla, msimulie kuhusu David Scott wa Apollo 15, ambaye mwaka 1971 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, kusiko na hewa, vikatua kwa wakati mmoja.

Kwenye umeme, tumia betri ndogo tu. Soketi ya ukutani si ya majaribio.

Majuzi mwanangu aliniletea swali lake mwenyewe. Glasi ya maji baridi ilikuwa na matone kwa nje, naye akadai maji yanapenya kwenye kioo. Sikumjibu. Nilimuuliza: ikiwa yanapenya, uzito wa glasi pamoja na maji yake utakuwaje? Akafikiri, akasema hautabadilika. Akaifuta nje ikakauka, akaiweka kwenye mizani, akaandika namba, akasubiri. Matone yalipojaa akasoma tena. Uzito ulikuwa umeongezeka. Akainua macho, akaanza kuitazama hewa iliyotuzunguka.