Kabla Ramani Haijapigwa Muhuri: Ushauri kwa Wanaohamia Vitongoji Vinavyokua

Nilipohamia kitongoji hiki cha pembezoni mwa mji, miaka tisa iliyopita, nyumba za jirani zilikuwa za kuhesabika, na kutoka dirishani kwangu niliona vichaka vitupu hadi kwenye mgongo wa kilima. Leo kilima hicho kimejaa mapaa. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mtu akishanunua kiwanja chenye hati, akajenga na kulipa kodi zake, yaliyobaki ni kazi ya halmashauri. Sasa namshauri kila anayehamia mahali kama hapa aanze kuhudhuria vikao vya serikali yake ya mtaa tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa katika eneo linalokua mambo makubwa huamuliwa kabla wengi wa watakaoguswa nayo hawajafika.

Aliyenifundisha hayo ni kalvati. Chini ya barabara ya kuingilia kwetu lilipita bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 60, na kwa miaka ya mwanzo lilipitisha maji ya mvua bila shida. Kisha msimu mmoja maji yakapanda juu ya barabara, yakamega ukingo wake, yakaingia katika nyumba tatu za bondeni, yangu ikiwa mojawapo. Nilisimama sebuleni usiku ule, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, nikisikia sanduku la vitabu likielea na kugonga ukuta taratibu. Asubuhi sote tuliilaumu mvua, ingawa haikuwa imezidi zile tulizozizoea. Kilichobadilika ni kilima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 5,000, na mapaa 200 ya namna hiyo humwaga lita milioni moja. Udongo wenye vichaka hunyonya sehemu ya maji hayo na kuyachelewesha yanayobaki, lakini bati, ua uliosakafiwa na lami huyateremsha karibu yote kwa pamoja. Bomba lilikuwa lile lile.

Tulikwenda ofisini tukiwa kundi, tumekasirika, kila mmoja akisema lake. Mhandisi aliyetupokea alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza kwamba bajeti ya mwaka ule ilikuwa imepitishwa miezi minne nyuma, na kwamba mapendekezo ya miradi kutoka mitaani hukusanywa mapema zaidi ya hapo. Niliumia kusikia hivyo, kwa sababu kikao cha kukusanya mapendekezo kilikuwa kimefanyika umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kinanihusu. Katika jiji la Porto Alegre nchini Brazil, ambako tangu mwaka 1989 wakazi walishirikishwa kupanga sehemu ya bajeti ya jiji, mikutano ya mitaa ilirudiwa kila mwaka kwa ratiba inayojulikana, na maji safi na majitaka yalikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapa kipaumbele. Sisi hatukuwa na utaratibu mpana kiasi hicho, lakini kikao cha wazi tulikuwa nacho, na viti vyake vilikaa vitupu. Ukihamia, basi, jambo la kwanza kuulizia ni kalenda: mwaka wa fedha unaanza lini, mapendekezo yanapokelewa hadi lini, diwani anakutana na wakazi lini.

Mwaka uliofuata tulikwenda na barua ya ukurasa mmoja. Ilitaja tarehe za mafuriko, kina cha maji tulichokipima kwa futi kwenye nguzo ya geti, idadi ya kaya zilizoathirika, na ombi moja tu, ingawa majirani walitaka tuongeze taa za barabarani na mambo mengine sita. Nilisisitiza libaki moja, na bado naamini nilikuwa sahihi, kwa kuwa orodha ndefu humpa mpokeaji nafasi ya kutekeleza lililo rahisi na kuliacha lililotuleta. Nakala yetu ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ulitufaa kuliko maneno yote tuliyosema, maana mhandisi yule alihamishwa, na aliyekuja baada yake hakujua lolote kuhusu kalvati letu mpaka tulipomwekea karatasi ile mezani.

Wapo miongoni mwetu waliotaka ujenzi kilimani usimamishwe kabisa. Sikukubaliana nao wakati ule, na sikubaliani nao sasa: waliojenga juu ni watu waliotafuta makazi kama sisi tulivyotafuta, na kodi zao ni sehemu ya fedha zitakazojenga mitaro. Tatizo ni kwamba maji huteremka siku paa linapoezekwa, ilhali kodi huja polepole. Linalofaa kudaiwa ni kwamba kila ramani mpya ya viwanja ioneshe, kabla ya kuidhinishwa, maji yatapita wapi, hifadhi ya barabara ina upana gani, na eneo la wazi liko wapi. La mwisho hulindwa kwa macho. Jirani yangu aliona kwenye ubao wa matangazo karatasi ndogo ya ombi la kubadili matumizi ya kiwanja ambacho watoto wetu huchezea mpira. Tuliwasilisha pingamizi la maandishi ndani ya muda uliowekwa, na suala hilo bado liko mbele ya kamati ya mipango.

Kalvati lilibadilishwa katika mwaka wa tatu. Sasa yamelazwa mabomba mawili yenye kipenyo cha sentimita 90 kila moja, ambayo kwa pamoja yana uwazi wa kupitisha maji zaidi ya mara nne ya lile la zamani, mradi yasizibe. Juma lililopita nilichungulia bomba la kushoto nikakuta mchanga umejaa karibu theluthi yake, pamoja na tawi kavu lililonasa mifuko ya plastiki. Nimekwisha kuandika barua, na Jumamosi tutakwenda na majembe kabla mvua haijaanza.